Mwaka Nilipokuwa Mgonjwa wa Chuo

Asubuhi niliyoondoka Mariakani nilikuwa nimetoka kununua wembe. Ndivyo nilivyokuwa nikihama siku zile. Sikuaga mtu wala sikufunga mizigo, nilitoka kwa jambo dogo na jambo kubwa likanikuta njiani. Dukani wembe ulikuwa umekwisha, lakini mbele ya duka palikuwa na lori la chumvi, na dereva wake alikuwa akitafuta mtu wa kumwongelesha asije akasinzia. Nikamwuliza chumvi inaenda wapi. Akasema Kampala. Nikamwuliza kwa nini watu wa Kampala hawana chumvi yao wenyewe. Akasema, "Panda, nitakueleza." Alinieleza vizuri mpaka Mackinnon Road, akaanza kujibu kwa mkato tulipopita Maungu, na tulipofika Voi alisimama kula, akaniambia kwa upole kwamba safari yangu imeishia hapo kwa sababu kichwa kinamuuma. Nikateremka nikiwa na shati moja na viatu vya kushinda nyumbani, nikafuata harufu ya chapati. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, na sikujua kwamba mwaka wote unaofuata ningeumaliza na watu wa chuo cha uuguzi, nikiwa nimelala chali.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita simu yangu ilianza kulia mfululizo kama king'ora. Wale wauguzi wa Voi, ambao sasa ni watu wazima wenye watoto na miwani, walikuwa wamefungua kundi la kupanga kukutana, na mtu fulani akaniingiza humo. Palizuka ubishi kidogo. Mmoja aliyejiunga na darasa lao mwaka wa mwisho, hivyo hakunijua, akauliza kwa heshima, "Samahani, huyu Dena yeye alisomea nini hasa?" Kabla sijaandika chochote, Kioko, aliyekuwa kiongozi wa darasa na bado hajaacha, akamjibu: "Hakusoma. Tulimsoma." Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikayapitia majina tena, moja moja, kwa sababu katika majina yote yaliyokuwa kwenye kundi lile, lipo moja ambalo nusura lisiwepo, na mimi ninajua jinsi lilivyopona.

Harufu ile ya chapati ilinifikisha kwa Mama Njeri, mwanamke wa kutoka bara aliyekuwa na hoteli ya mabati mtaa wa Sofia, karibu na vyumba walivyopanga wanafunzi. Aliniuliza ninatafuta nini. Nikasema chochote. "Chochote hatuna," akasema. "Kuna madondo, kuna matumbo, kuna chapati." Nilipomaliza kula alinionyesha mitungi mitupu ya maji, akanionyesha na bomba lilipo, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Pa kulala nilipewa stoo, kati ya magunia ya makaa na vitunguu. Stoo ile ilikuwa na kitu kimoja cha ajabu: kitanda halisi cha hospitali, cha chuma, chenye magurudumu na mkono wa kuzungusha ili kichwa kiinuke. Mama Njeri alikinunua kwenye mnada akiamini kitamponya mgongo. Alikilalia usiku mmoja tu, kikainuka chenyewe upande wa miguu, akakihamishia stoo. Mimi nilikipenda tangu siku ya kwanza. Nilikizungusha juu, nikakizungusha chini, nikataka kujua nani aliwahi kukilalia na alipatwa na nini.

Wanafunzi wa uuguzi walikula pale mchana na jioni, na walikuwa wakisoma huku wanakula. Ukitaka kujua kama mtu ana wito, mwangalie akila matumbo huku akieleza jinsi utumbo unavyojifunga. "Kidonda cha kulalia, hatua ya tatu, kinaonekanaje?" Kioko alikuwa akiuliza, kijiko kikiwa hewani. Mtu alikuwa akijibu, "Kama hii nyama ya leo." Na Mama Njeri alikuwa akipiga meza kwa mwiko: "Kioko! Hapa ni hoteli! Mambo ya usaha maliza huko chuoni ndiyo uje!" Mimi nikiwa na trei ya chai mkononi nilikuwa nauliza usaha unatokana na nini. Hakuna kitu kinachomfurahisha mwanafunzi wa mwaka wa pili kama mtu asiyejua. Walinivutia benchi. Walinichorea chembe nyeupe za damu kwa mchuzi juu ya meza. Ndani ya mwezi mmoja nilijua mapafu yana vipande vingapi, na nilijua kwamba chumba chao cha mazoezi kule chuoni kina vitanda vichache na foleni ndefu.

Ni Kioko aliyefungua mlango wa stoo kutafuta chumvi akakiona kitanda. Alisimama kama mtu aliyeona gari jipya. "Dena," akasema, "hiki kitanda unakifanyia nini?" Nikamwambia ninakilalia. "Basi endelea kulala," akasema, akawaita wenzake.

Kuanzia siku hiyo nikawa mgonjwa. Walibadilisha mashuka nikiwa juu yake. Waliniviringisha upande huu na upande ule kama unga wa chapati. Walinipima presha mpaka mkono ukafa ganzi, wakaandika kwamba nina ganzi. Sindano walijifunzia kwenye machungwa, kama wanavyofanya wauguzi wote, na kwa kuwa hakuna mtu wa kutupa chungwa Voi, mimi ndiye niliyekuwa nikiyala. Chungwa lililodungwa maji mara nyingi lina ladha ya chungwa lililosimuliwa tu. Siku moja walinifunga bandeji za kichwa, jicho, na mkono ukakunjwa kifuani, kisha wakakumbuka wana kipindi, wakakimbia wote. Muuza makaa akaingia na gunia lake, akanikuta. Hakuniuliza kitu, alitoka mbio. Baada ya muda mfupi kina mama wanne wa kanisani walikuwa wamesimama kando ya kitanda wamefumba macho, wakiniombea kwa sauti. Nikasema amina. Ingekuwa utovu wa adabu kupona mbele yao.

Katika darasa zima ni mmoja tu aliyenitendea kama mgeni wa heshima, naye ni Wakesho. Alikuwa msichana mrefu, mpole, kutoka vijiji vya juu ya Wundanyi, na hakuweza kuanza jambo lolote bila salamu. Wenzake waliingia stoo wakisema, "Geuka." Wakesho alibisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Hujambo, kaka Dena. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

"Na usingizi?"

"Ulikuwepo."

"Na kwenu huko, mvua imenyesha?"

"Sijui. Sijapiga simu."

Hapo aliweka trei ya sindano chini na kuketi ukingoni mwa kitanda. "Hujapiga simu tangu lini?" Zoezi la siku hiyo liliishia mimi nikiongea na mama yangu kwa simu ya Wakesho, mama akilia, na Wakesho akinong'ona, "Mwulize na jirani wanaendeleaje." Chungwa lilibaki zima.

Nilidhani ni tabia nzuri tu, mpaka Kioko aliponieleza. Wakesho alikuwa ameshaanguka mtihani wa vitendo mara moja. Mtihani ule huendeshwa kwa kengele: unaingia kwa mgonjwa, unafanya kazi yako, kengele ikilia unatoka, umemaliza hujamaliza. Kengele ilimkuta Wakesho anamwuliza mgonjwa habari za ng'ombe wake. Hakuwa amefungua hata kifuko cha sirinji. Na kanuni ya chuo ilikuwa wazi: ukianguka mara ya pili, jina lako linaondolewa, unarudi kwenu. Madam Chao, mwalimu wao, alikuwa amemwambia hivyo ana kwa ana, bila ukali, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kule kwao wazee walikuwa wameshaanza kumpelekea mama yake magonjwa yao ili amfikishie binti.

"Lakini kaka," aliniambia siku moja, uso umemwiva, "mtu simjui, simjui anatoka wapi, nimshushe suruali tu hivi hivi?"

Kioko aliamua kumnyoosha. Alisimama miguuni mwa kitanda na simu yake kama refa. "Wakesho, sikiza. Huendi kuposa. Unaenda kudunga. Sema habari, sema jina lako, dunga, toka." Wakesho alirudia maneno hayo kama mtoto anayekariri aya. Habari. Mimi ni muuguzi Wakesho. Nitakudunga sindano. Kisha, sindano ikiwa tayari juu ya chungwa, aliinama sikioni kwangu: "Lakini umeamkaje?" Kioko aligonga kichwa chake ukutani, vitunguu vikaanguka.

Mimi nilikuwa na mtihani wangu. Kadiri mwaka ulivyosonga nilikuwa nimeanza kujivunia kazi, nikawa ninajifunza kuugua peke yangu. Mchana mmoja hoteli ilikuwa tupu na mimi nipo stoo, ninafanya mazoezi ya kuugulia mawe ya figo. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Ni Madam Chao, aliyekuwa amekuja kunywa chai, ameacha kikombe amekimbia.

"Unaumwa wapi?" akauliza, mkono wake umeshashika mshipa wa mkono wangu.

"Popote utakapo, Madam."

Akauachia mkono wangu. Hakujua lolote kuhusu kitanda kile na wanafunzi wake. Kwake nilikuwa kijana wa kuleta chai. Lakini siku zile alikuwa na tatizo: mlinzi aliyezoea kuigiza mgonjwa kwenye mtihani alikuwa amekwenda kwao kuzika, na hakuwa na mwingine. Aliniomba nilie tena kidogo, nikalia, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alinipa jukumu na akaniapisha nisimwambie mtu, maana mgonjwa wa mtihani akijulikana kabla, mtihani umeharibika. Ningekuwa Habel Mwachala, mkulima wa Marungu, nimefanyiwa upasuaji wa ngiri jana, ninahitaji sindano ya maumivu. Sikumwambia mtu. Sijawahi kupewa kitu kikubwa hivyo na chuo chochote. Wiki nzima nilimfuata mpagazi mmoja wa sokoni aliyewahi kupasuliwa ngiri, nikimwuliza maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Jina sikulifanyia mazoezi. Jina lilikuwa jambo dogo.

Siku ya mtihani walinilaza nyuma ya pazia la kijani, nikafungwa pajani kipande cha sponji kilichovikwa ngozi ya bandia, cha kupokea sindano, na mkononi nikavishwa utepe wenye jina la Habel. Pembeni walikaa Madam Chao na mtahini wa kutoka nje, mzee mwembamba wa Mombasa ambaye kalamu yake haikutulia. Kengele ikalia, nikaanza kuugulia, akaingia Kioko.

Aliponiona macho yalimtoka. Halafu uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeingia ofisi ya serikali akamkuta binamu yake mezani. "Sasa, Dena," akasema chini ya pumzi, "geuka kidogo, ndugu yangu." Akanawa mikono, akavaa glavu, akavuta dawa, akatoa hewa, akadunga vizuri mno hata mimi nilisahau kuugua. Akatoka kifua mbele. Akaingia wa pili: "Eh, ni wewe!" Akadunga. Wa tatu alinikonyeza. Waliokwisha kufanya walipelekwa chumba kingine, kwa hiyo kila aliyeingia alipata furaha yake upya, na wote walidunga kama mafundi. Niliitazama kalamu ya mzee wa Mombasa ikikimbia kwenye karatasi, nikaamini anaandika sifa.

Kisha, wa mwisho, akaingia Wakesho.

Hakutabasamu. Alisimama pembeni ya pazia, akabisha hodi kwa mdomo kwa sababu pazia haligongwi. Nikasema karibu.

"Hujambo?"

"Sijambo, ninaumwa."

"Pole sana. Umeamkaje?"

Nilimwona mtahini akitazama saa ya ukutani. Nilitaka kumwambia, Wakesho, dunga, dunga sasa hivi, nakuomba. Nikaugulia kwa sauti zaidi kumharakisha. Yeye akaweka trei kwenye meza, taratibu, akasogea.

"Naomba unitajie jina lako kamili."

Tangu asubuhi hakuna aliyeniuliza swali hilo. Nilikuwa tayari kwa maumivu ya kila aina. "Dena Kazungu," nikasema.

Akashika mkono wangu, akausoma utepe. Akausoma tena. "Umesema nani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jasho la kweli likanitoka. "Habel," nikasema.

"Habel nani?"

Nusu ya pili ya jina ilikuwa imekwenda. Niliitafuta darini. "Habel wa… Marungu."

"Marungu sehemu gani?"

"Karibu na barabara."

Alinitazama kwa macho ya huruma kabisa, macho ya mtu tuliyeishi naye mwaka mzima, aliyewahi kuongea na mama yangu. "Kaka," akasema polepole, "mimi nakujua. Nakujua vizuri sana. Lakini utepe huu haukujui." Akawageukia watahini. "Mgonjwa ametaja jina lisilo kwenye utepe. Halafu ametaja nusu ya jina jingine. Dawa hii imeandikiwa Habel Mwachala. Simdungi mpaka nijue huyu ni nani." Kengele ikalia. Wakesho akaitazama sirinji yake ambayo haikufunguliwa, kama mwaka uliopita, akaniambia, "Pole kwa maumivu," akatoka analia.

Watahini walitoka nje ya pazia kushauriana, lakini pazia ni kitambaa tu, na walio nyuma yake hulisahau hilo. Nilisikia kila neno.

"Huyu mgonjwa mmemtoa wapi?" akauliza mzee wa Mombasa.

"Hotelini," akajibu Madam Chao, sauti imepungua.

"Msichana hakudunga."

"Hakupaswa kudunga."

"Wenzake wote wamedunga."

"Wenzake wote wamemdunga mtu wa chai dawa ya mkulima," akasema Madam. "Hakuna hata mmoja aliyemwuliza jina. Na hilo ndilo jambo la kwanza kabisa ninalowafundisha. La kwanza, kabla ya kunawa mikono!"

Kisha nikasikia sauti ya ajabu, kama chupa inayomimina, nikagundua ni mzee wa Mombasa anacheka na hajazoea.

Wakesho akapita. Darasa lililobaki likaambiwa lirudie sehemu ile ya sindano wiki inayofuata, kwa mgonjwa mwingine. Ninapolifikiria leo naona halikuwa kosa la uzembe. Mtu amekuletea chai kila siku, umemfunga na kumfungua bandeji, unajua hata mapigo ya moyo wake. Utamwulizaje jina bila kujiona mwendawazimu? Ilihitajika adabu ya milimani kumwuliza mtu unayemjua yeye ni nani. Lakini jioni ile hakuna aliyekuwa tayari kwa falsafa hiyo. Kioko alinikuta nimeinamia sufuria.

"Wewe Dena! Mwaka mzima tumekulea kama yai, halafu siku moja tu unatuchoma hivi?"

"Hamkuniuliza jina."

"Ninalijua jina lako!"

"Na hiyo ndiyo shida yenyewe, Kioko. Hukupaswa kulijua."

Aliondoka bila kula. Wengine pia hawakula. Sufuria ya madondo ilibaki nusu, jambo ambalo Mama Njeri hakuwahi kuliona. Kesho yake aliniita nyuma ya hoteli, akikwepa macho yangu. Madam Chao alikuwa amepita. Alikuwa amesema wanafunzi wasinione mpaka mtihani uishe, maana wakiniona tu wanasahau hatua ya kwanza. "Sikufukuzi, mwanangu," akasema Mama Njeri. "Lakini wakisusa chapati zangu wiki nzima, mimi ndiye nitakayelazwa hicho kitanda." Nikamwambia nimeelewa. Kusema kweli miguu yangu ilikuwa imeanza kuwashwa na hamu ya safari tangu mvua za kwanza.

Aliyenisindikiza hadi steji ya magari ya Taveta ni Wakesho. Alibeba begi langu, ambalo sasa lilikuwa na mashati matatu. Aliniuliza ninakwenda kwa nani. Nikasema sijui. Akasimama katikati ya njia. "Kaka, mtu haendi mahali asipojua mtu." Nikamkumbusha kwamba ndivyo nilivyofika Voi. Hakuridhika. Akamwendea kondakta, akaanza: umeamkaje, na nyumbani, na watoto, na huko Taveta mahindi yanaendeleaje. Abiria walikuwa wakilalamika, dereva anapiga honi, na Wakesho hajamaliza. Alipomaliza, kondakta alikuwa ameshasema kwamba ana shangazi Mboghoni, mjane mwenye chumba kitupu. "Mpeleke mpaka mlangoni," Wakesho akamwambia, kwa ile sauti aliyowatolea watahini. Kisha akanipa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza neno.

Darasa lilirudia mtihani. Nilisimuliwa kwa simu kwamba Kioko alimwuliza mgonjwa jina mara nyingi mno, hata bibi aliyeigiza mgonjwa safari hiyo akamwuliza kama kijana ana shida ya masikio. Alipita. Walipita wote.

Shangazi yule wa Mboghoni alinipokea alasiri, akiwa amevaa mabuti ya shambani, matope hadi magotini. Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao, dirisha dogo, na nje mashina ya migomba yalifika ukutani. Aliniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani Voi.

"Nilikuwa mgonjwa, Mama."

"Pole, mwanangu. Muda mrefu?"

"Mwaka mzima."

"Na umepona?"

"Nimepona, ila nimewaacha wauguzi."

Alikuwa ametumiminia chai; akakisogeza kikombe changu kidogo, mbali na chake. Mimi sikuliona hilo vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeshafika dirishani. Nje kulikuwa na mfereji wa maji, umejaa hadi ukingoni, unakatiza shamba lake na kupotea kwa jirani, na kule kwa jirani ulikuwa mkavu kabisa. Nikamwuliza maji yale yanatoka wapi. Nikamwuliza ni nani anayeyafungua, na jirani amekosa nini.

"Weka begi kwanza," akasema.

Nikaliweka, karibu na mlango.